Mganga Hajigangi: Francis Bacon na Wale Walioandika Maisha Yake

Wengi wetu tulisikia jina la Francis Bacon katika masomo ya filosofia, tena kwa maneno machache tu: Mwingereza aliyetaka watu wavitazame na kuvijaribu vitu vya asili, wasitegemee maneno ya wazee wa kale peke yake. Ndivyo. Lakini huyu hakukaa na vitabu tu. Alizaliwa London mwaka 1561, akaingia Bunge mwaka 1581, akapanda mpaka mwaka 1618 Mfalme James akamfanya Chansela, mmoja wa waamuzi wakubwa wa nchi. Mwaka 1620 alitoa kitabu chake Novum Organum. Mwaka uliofuata alianguka.

Tuwatazame watatu walioandika maisha hayo.

Wa kwanza ni William Rawley, kasisi wa nyumba yake, mwaka 1657. Anamsifu bwana wake, na sifa nyingi ni za haki. Lakini akifika penye anguko asema tu kwamba miaka mitano ya mwisho Bacon alijitenga na mambo ya serikali, akashika masomo. Kujitenga! Bunge lilimshitaki kwa rushwa. Akaungama mashitaka 28. Akahukumiwa faini ya pauni 40,000, kifungo, na kunyimwa kazi zote za serikali. Mfalme alimhurumia: kifungo kilikuwa cha siku chache, na faini akaachiliwa. Cheo hakikurudi. Upendo wa mtumishi twauelewa; lakini aliyefundisha watu kutazama mambo yalivyo hakustahili kufunikwa hivyo.

Wa pili ni John Aubrey. Ndiye mwenye kisa cha kuku: Bacon alimnunua kuku, akamjaza theluji ili aone kama baridi yazuia nyama kuoza, akashikwa na baridi mwenyewe, akafa. Aubrey asema alisikia kwa Thomas Hobbes. Lakini Bacon alipokufa, tarehe 9 Aprili 1626, Aubrey alikuwa mtoto mchanga wa majuma machache. Barua ya mwisho ya Bacon yataja jaribio la kuhifadhi miili isioze, kuku hayumo. Kisa ni kitamu, nacho chafanya watu wamkumbuke kama shahidi wa elimu na kusahau baraza la hukumu.

Wa tatu ni Macaulay, mwaka 1837. Yeye hafichi kitu, lakini anampasua mtu vipande viwili: akili ya juu sana na moyo wa chini, kama wapangaji wawili wasiosalimiana.

Mimi naona mtu mmoja, na kwa hiyo maisha yake yatisha. Katika Novum Organum alionya kwamba akili ina sanamu zake za uwongo, na kwamba mtu husadiki upesi lile analolipenda. Katika insha yake juu ya vyeo vikubwa, iliyotoka mwaka 1612, aliwaonya wakubwa juu ya rushwa. Sasa tazama kazi yake. Mtu mmoja alitoa pauni 100, mwingine 400, kesi zao zingali mbele yake. Alipokea, kisha akawakatia wote wawili neno lililowaumiza, nao wakaenda kumshitaki Bungeni. Bacon alishika neno hili, kwamba zawadi haikununua hukumu. Huenda ni kweli, na siku zile wakubwa wengi walipelekewa zawadi. Lakini hiyo ndiyo sanamu yenyewe! Aliyetaka kila neno lijaribiwe hakulijaribu hili moja, yaani kwamba mkono waweza kupokea na moyo ukabaki vilevile.

Kwetu Congo zawadi ya namna hii huitwa matabishi, jina dogo lisilomtisha mtu. Na sisi tunaofundisha wengine twajua kueleza dhambi vizuri kabisa.

Basi atakayeandika tena maisha ya Bacon, aweke mwaka 1620 na mwaka 1621 katika ukurasa mmoja.