Kitabu cha Kwanza cha Mtoto

Mtu mzima akipewa kitabu kibaya hukifunga akatafuta kingine. Amekwisha kusoma vingi, naye ajua kuwa kosa ni la kitabu kile kimoja. Mtoto wa darasa la kwanza hana kinga hiyo. Kitabu chake cha kwanza kikimchosha, hadhani kuwa kitabu ndicho kichoshi. Hudhani kuwa kusoma kwenyewe ndiko kunakochosha, au kuwa yeye hakujaliwa akili ya kusoma. Kwa hiyo, msomaji, kumchagulia mtoto kitabu ni jambo zito kuliko kujichagulia mwenyewe, na watu wengi hulifanya kwa haraka.

Yamkini utasema kuwa kazi hii ni ya walimu na ya wakubwa wa elimu, wala haikuhusu wewe mwanafunzi wa sekondari. Sikubaliani nawe. Katika nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe wazazi hutoka alfajiri. Wengine huvuka kwa feri kwenda kisiwani, wengine huenda bandarini au viwandani, na jioni hurudi wamechoka. Anayeketi na mtoto na kitabu chake mara nyingi ni kaka au dada aliye katika shule ya sekondari. Mtu huyo ni wewe. Basi yakupasa kujua kitabu chema cha mtoto ni kipi, na kibaya ni kipi, na kwa sababu gani.

Jioni moja huko Likoni nilimsikiliza mtoto wa jirani akisoma. Alisoma ukurasa mzima pasipo kukosea hata silabi moja, nami nikamsifu. Kisha nikamwuliza, "Nani aliyekwenda sokoni?" Akanitazama kwa mshangao, akaweka kidole juu ya ukurasa, akaanza kusoma tena tangu mstari wa kwanza. Hakuwa mjinga. Alikuwa hajaambiwa na mtu yeyote, wala na kitabu chenyewe, kuwa ndani ya maneno yale mna habari.

Hapa pana hatari iliyojificha ndani ya neema. Maandishi ya Kiswahili ni mepesi kwa anayeanza. Irabu ni tano, na silabi hutamkwa kama zilivyoandikwa. Mtoto aliyezijua silabi zake aweza kulitamka hata neno asilolielewa. Watoto wa lugha nyingine hutaabika muda mrefu kabla ya kufika hapo. Lakini kwa kuwa kutamka kwaja upesi, ni rahisi sisi wakubwa kudanganyika tukadhani kuwa mtoto anasoma, kumbe anaimba tu. Taasisi ya Uwezo, iliyokuwa ikiwapima watoto wa Kenya nyumbani kwao, ilieleza katika taarifa zake za miaka ya 2010 kuwa katika watoto kumi wa darasa la tatu, takriban watatu tu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Hesabu hiyo si ya kupita juu yake kwa macho makavu.

Sababu zake ni nyingi, na ukosefu wa vitabu ni mojawapo. Mpango wa Tusome, ulioanza kuenea katika shule za serikali mwaka 2015, ulikusudia kila mtoto wa madarasa ya kwanza na ya pili awe na kitabu chake mwenyewe, badala ya watoto watatu au wanne kugombea kimoja. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kitabu kupatikana ni jambo moja, na kitabu kufaa ni jambo jingine. Tupime sasa kinachofaa.

Nitaweka mbele yako mifano miwili niliyoitunga mwenyewe, nisije nikamwonea mwandishi yeyote. Wa kwanza ni huu: "Baba ana bata. Bibi ana bata. Babu ana bata. Bata ana taa." Wa pili ni huu: "Babu ana bata. Bata akataa kulala. Babu aita, aita. Bata huyo, majini!" Itazame mifano hii kwa makini. Silabi zake zakaribiana kwa wepesi, na sentensi zote ni fupi. Hata hivyo, mmoja ni maiti na mwingine u hai. Katika wa kwanza hapana anayetaka kitu wala kinachotokea, na bata amepewa taa kwa sababu tu mwandishi alihitaji neno "taa". Katika wa pili bata ana nia yake na babu ana yake, na nia hizo zimegongana. Mtoto atauliza, "Kisha ikawaje?" Swali hilo ndilo mwanzo wa kusoma. Basi kipimo cha kwanza ni hiki: wepesi wa maneno usiwe sababu ya utupu wa maana. Anayesema kuwa kitabu cha mtoto hakina budi kuwa kitupu ili kiwe chepesi ametoa udhuru wa uvivu.

Kipimo cha pili ni ukaribu. Mtoto wa Likoni amekwisha kuona feri, mtumbwi na samaki kabla hajaona herufi. Mtoto wa Changamwe ameona malori, garimoshi, na ndege zinazoshuka. Mtoto wa Kisauni hupita Kengeleni kila siku. Kitabu kinachoanza na vitu hivi humpa mtoto ufunguo wa mlango anaoujua. Akiliona neno "feri", moyo wake humtangulia kulisoma.

Mfano mzuri ni hadithi ya kale ya kima na papa, ambayo watu wa pwani wameisimulia tangu zamani. Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 miongoni mwa hadithi alizozisikia Unguja. Papa amwalika rafikiye kima kwao, naye kima akubali kubebwa mgongoni. Wafikapo katikati ya bahari, papa asema kuwa mfalme wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima ajibu kwa utulivu kuwa moyo wake ameuacha mtini, kama ilivyo desturi ya kima wote. Basi na warudi wakauchukue. Tazama uzuri wake kwa mtoto: mahali papajua, hatari aiona, na mnyonge aokoka kwa akili wala si kwa nguvu. Tena mtoto aujua ujanja wa kima kabla ya papa kuujua, na hapana furaha kubwa kwa msikilizaji mdogo kuliko hiyo. Lakini mhakiki wa haki hutaja na upungufu. Kama ilivyochapwa na Steere, hadithi hii ina hadithi nyingine tumboni mwake, ile ya punda wa dobi, na mtoto wa darasa la pili anayejisomea atapotea kati ya hizo mbili. Kwa kusoma mwenyewe, apewe sehemu ya kwanza peke yake, kwa sentensi fupi. Kwa kusomewa nawe kabla ya kulala, mpe yote.

Ukaribu peke yake, hata hivyo, hautoshi. Kisauni ina kitabu chake mashuhuri, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Chaeleza habari za watu waliookolewa katika utumwa na maisha yao huko Frere Town, mji uliofanywa na wamisionari mwaka 1875. Na kengele yake ndiyo iliyopaacha pale jina la Kengeleni. Ungedhani kuwa hapana kitabu kinachomfaa zaidi mtoto wa pale. Sivyo. Habari zake ni za misiba ambayo moyo wa miaka sita au saba hauwezi kuichukua, na sifa zake kwa Waingereza zataka msomaji aliyekwisha kujua kuuliza maswali. Hicho ni kitabu chako wewe, si cha mdogo wako. Yeye mwonyeshe kengele kwanza; kitabu kitamngoja.

Wala usimfunge mtoto katika mtaa wake. Mtoto aliyesoma habari za feri na minazi tu, mpaka akakua, amejengewa ua. Mpe pia mlima wenye theluji, jangwa na miji ya mbali, lakini baada ya kumtia mazoea ya kuwa kitabu husema kweli juu ya vitu avijuavyo. Akiisha kukiamini karibu, atakiamini na mbali.

Kipimo cha tatu ni lugha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, na Kimvita, lugha ya wenyeji wa mji, kikaachwa kando. Faida ilipatikana: kitabu kimoja chaweza kusomwa Lamu, Kisumu na Tabora. Lakini mpaka leo yuko mtoto ambaye bibi yake husema "ndia" na "mato", naye kitabuni akakuta "njia" na "macho". Kwa jirani yake lugha ya nyumbani ni Kidigo au Kigiriama, na Changamwe pengine ni Kikamba au Kijaluo. Sisemi kila nyumba ichapiwe kitabu chake. Nasema kitabu chema hutumia maneno ya kawaida, hakijivuni kwa maneno magumu, na anayekisoma pamoja na mtoto asicheke. Mtoto akisoma "ndia" palipoandikwa "njia", ameelewa. Mwambie kuwa kitabu husema "njia", na bibi husema "ndia", na yote mawili ni maneno ya watu wenye heshima zao. Anayechekwa kwa lugha ya nyumbani kwao hufunga kinywa, na kinywa kilichofungwa hakisomi.

Juu ya umbo la kitabu sitasema mengi. Herufi ziwe kubwa, mistari isisongamane, picha isaidie maneno wala isipingane nayo, na kurasa zishonwe zisitoke mara ya pili kufunguliwa. Bei kubwa si ushahidi wa wema. Nimeona vitabu vya bei kubwa vyenye karatasi ya kung'aa na hadithi iliyofifia.

Sasa jaribu mwenyewe. Chukua kitabu cha mdogo wako leo jioni. Soma naye kurasa mbili, kisha ukifunge na kunyamaza. Usimwulize swali la mtihani. Akikuambia, "Endelea," kitabu kimefaulu. Akikusimulia lililotokea kwa maneno yake mwenyewe, kitabu kimefaulu zaidi. Akiondoka kimya kwenda kucheza, usimlaumu. Kilaumu kitabu kwanza, utafute kingine. Ukikosa kingine, chukua daftari uandike ukurasa mmoja juu ya feri, au garimoshi, au bata aliyekataa kulala. Yule mtoto wa Likoni aliyerudi mstari wa kwanza alikuwa akitafuta kitu ambacho ukurasa wake haukumpa. Usimwache mdogo wako akitafute peke yake.