Viazi vya Mirihi na unga wa Kasumbalesa

Mwezi wa 8 mwaka 2024 Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache. Kongo ilikuwa imekataza bia na vinywaji vya kutoka kule, madereva wakalalamika, na upande wa pili wakashusha kizuizi. Makamio yakasimama mstari mrefu. Mama mwenye kuuza unga kwenye avenue yetu alipandisha bei kabla ya jua kuzama, na hakuna aliyemuuliza sababu. Kila mtu hapa anajua unga wetu mwingi unatoka wapi. Jirani mmoja alisema tu: "Kama mupaka inafungwa, bukari tutaitosha wapi?"

Ni siku zile niliangalia tena The Martian, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 2015, iliyotoka kwenye riwaya ya Andy Weir. Tulikuwa watatu kwenye simu moja. Na ni mara ya kwanza niliona kwamba filamu hii inaonyesha jambo moja, lakini sisi tunatoka na jambo lingine kichwani.

Hadithi wengi munaijua. Mark Watney anaachwa peke yake Mirihi, ile sayari tuliyoijifunza shuleni kwa jina la Mars, kwa sababu wenzake wanazani amekufa. Yeye ni mtaalamu wa mimea. Anachukua viazi vilivyoletwa kwa ajili ya sikukuu, anachanganya udongo na mavi, anatengeneza mayi kwa mafuta ya roketi, na viazi vinaota. Kila mtu anakumbuka hapo. Mtu mwerevu, diploma yake, mikono yake, basi. Sisi wenye kusoma tunapenda hadithi ya namna hiyo, maana inatuambia kwamba elimu peke yake inaweza kumtosha mtu kwenye shimo.

Lakini fuata filamu mpaka mwisho. Mlango wa nyumba yake unapasuka, baridi inaua shamba lote. Roketi ya chakula kutoka duniani inalipuka. Kinachomwokoa ni roketi ya Wachina, NASA, na wenzake wanaokubali kurudi nyuma kumchukua. Viazi vilimwongezea siku tu. Kilichomwokoa ni njia ya kuleta vitu. Filamu inalionyesha hilo wazi, kisha inatabasamu na kurudi kwenye viazi.

Kuna pahali Watney anajisifu: eti ukishalima mazao mahali, umeshafanya koloni pale, kwa hiyo yeye amefanya koloni Mirihi. Watu wanacheka. Mimi nilisimamisha simu. Bankambo wetu walilima mtama na mihogo katika nchi hii tangu zamani, na hakuna aliyewaita wakoloni. Aliyeitwa mkoloni ni nani? Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na haikuja na jembe. Ilikuja na reli, tanuru, na depo ya posho.

Hapo njo jambo lenyewe. Ukitaka kujua mji wa Mirihi utafanana na nini, usitafute mbali, angalia Lubumbashi. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kampuni ilileta wafanyakazi kutoka mbali, na kuanzia miaka ya 1920 ikaamua kuwatuliza: nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, unga uliopimwa kwa kilo kufuatana na bibi na watoto. Wazee wanasifu maisha yale, na hawadanganyi. Mtoto alikula, mtoto alisoma. Ila mwenye kukupa vyote anaweza kukunyima vyote. Mwezi wa 12 mwaka 1941 wafanyakazi waligoma kuomba mshahara zaidi, na askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo.

Kisha kampuni ikawa ya taifa, ikaitwa Gécamines, na posho ikaendelea. Mwaka 1986 ilitoa shaba zaidi ya tani 470 000. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na katika miaka iliyofuata kazi yote ikaanguka: mshahara wa miezi na miezi bila kulipwa, hospitali bila dawa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka kwa mpango ulioitwa "départs volontaires". Muulize baba yeyote wa wakati ule kama aliondoka kwa kupenda. Mtu aliyejua kuendesha mashine ya mamilioni alijikuta hajui atapata wapi unga wa kesho, maana miaka 30 unga ulikuja wenyewe.

Na sisi tulikuwa na hewa ya bure. Tulikuwa na mvua, na udongo unaokubali mihogo. Mirihi hakuna. Uzito wa hewa yake haufiki hata sehemu 1 ya 100 ya hewa yetu, na karibu yote ni gesi ya kaboni. Udongo una chumvi za sumu ambazo chombo Phoenix kilizigundua mwaka 2008; viazi vya Watney vingehitaji kusafishiwa udongo kwanza. Nafasi nzuri ya kutuma roketi inakuja mara moja kila miezi 26. Kasumbalesa ilifungwa siku chache tukahangaika. Piga hesabu ya mpaka unaofunguka kila miezi 26. Hata duniani jaribio lilishinda watu: mwaka 1991 watu 8 walijifungia ndani ya Biosphere 2 kule Arizona kwa miaka 2, na oksijeni ikapungua mpaka ikabidi kuwaingizia ya kutoka nje.

Filamu moja ya zamani ilielewa hili kuliko The Martian. Ni Total Recall ya mwaka 1990. Kama sinema ni ya fujo, risasi mingi na damu mingi. Lakini ndani yake hewa ya Mirihi ina mwenyewe, na watu wanapoasi, yeye anafunga hewa. Mwenye kukulia kwenye cité ya kampuni haitaji kufasiriwa. Leo Elon Musk anasema anataka mji wa watu milioni 1 kule, na mkataba wa Starlink wa mwaka 2020 uliandika kwamba Mirihi ni sayari huru, serikali za dunia hazina mamlaka juu yake. Huru kwa nani? Siku wafanyakazi wa pale watagoma, nani atashika kifungulio cha oksijeni?

Jirani yetu wa ng'ambo alishaligusa swali hili. Mwaka 1964, Zambia ikipata uhuru, Edward Mukuka Nkoloso alisema atatuma msichana wa miaka 17, Matha Mwamba, na paka wawili mpaka Mirihi. Alizungusha wanafunzi wake ndani ya pipa la mafuta, na wazungu walimcheka. Lakini aliandika kwamba amemwonya misionari wake asilazimishe watu wa Mirihi dini wasiyoitaka. Mtu aliyetoka kutawaliwa aliuliza kwanza nani atamtawala nani. The Martian, kwa saa 2 na zaidi, haiulizi.

Sisemi musiiangalie. Ni filamu nzuri, inachekesha, na inampa heshima mtu mwenye kufanya hesabu yake vizuri. Shida yake ni kwamba inamwonyesha mtu mmoja, na mtu mmoja si koloni. Koloni inaanza pale wa pili anapomwomba wa kwanza chakula. Wengi wetu tunaandika barua za kazi kwa kampuni za migodi, nami niko ndani. Tunasoma mshahara kwanza. Nkambo yangu, aliyepokea posho, angesoma kwanza nani mwenye depo, na kama nje ya ile depo kuna shamba.