Wizi Ulioitwa Propaganda

Kosa la kwanza linasameheka. Mwishoni mwa 2019 mfanyakazi mmoja wa serikali ya Kenya alipakua waraka uliotiwa sumu, na wadukuzi wakapitia hapo hadi kwenye idara nyingine. Karani anayefungua barua pepe kutwa nzima, siku moja atateleza. Kosa lisilosameheka lilikuja Mei 2023, Reuters ilipofichua kisa hicho, naye Katibu wa Usalama wa Ndani, Raymond Omollo, akaiita habari hiyo propaganda ya kufadhiliwa.

Propaganda! Habari yenyewe ilitaja wizara na idara nane, ofisi ya rais ikiwemo. Ililitaja kundi la wadukuzi la BackdoorDiplomacy, linalohusishwa na China. Ilieleza jinsi seva ya wadukuzi hao ilivyoingia kwenye huduma ya pamoja ya barua pepe ya serikali kuanzia Desemba 2022 hadi Februari 2023. China ilikanusha, na nani alitarajia vinginevyo? Lakini Kenya ndiyo iliyoibiwa. Aliyevunjiwa nyumba hukagua kufuli kwanza. Omollo alimkemea jirani aliyepiga kamsa.

Hasara ya jibu lile ni ya kiufundi. Barua ya hadaa hufanya kazi mradi anayeipokea hajawahi kuona mfano wake. Waraka ule ungeanikwa, pamoja na kichwa chake, anwani iliyoutuma na jina la faili, karani wa kaunti ndogo ya Rongai angeutambua mwingine kama huo ukimfikia. KE-CIRT, kitengo cha taifa cha kukabili vitisho vya mitandao, hutangaza idadi ya vitisho kila robo mwaka, na safu hii haijachoka kulalamika: takwimu hazimwonyeshi karani chambo kinafananaje.

Kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilifanya kazi safi Juni 2021 ilipoichambua Turian, programu hasidi ya kundi hilo. Zana nyingine ya kundi hilo husubiri flashi ichomekwe, kisha hunakili faili zake na kuzificha ndani ya pipa la taka la kompyuta. Waliocheka safu hii ilipozipiga vita flashi za saibakafe wasome hapo.

Kilichowindwa, kwa mujibu wa vyanzo vya Reuters, ni habari za deni la Kenya kwa China. Oktoba 2019 reli ya SGR, iliyojengwa kwa mikopo hiyo ya China, ilizinduliwa hadi Suswa, ikakomea hapo kwa kukosa mkopo wa kuendelea. Shehena ya Malaba inahamishiwa reli ya mkoloni na kupita Rongai, ambako mkulima husimama na punda wake kusubiri mabehewa yaishe. Deni ni lake pia.

Jibu tofauti lina mfano wake. Mwaka 1986, katika maabara ya Berkeley nchini Marekani, msimamizi wa kompyuta Clifford Stoll aliona hesabu za kompyuta zimepungukiwa senti 75. Hakumtafuta wa kumlaumu. Aliunganisha printa kwenye laini za simu, akachapa kila herufi ambayo mgeni aliibonyeza, na hata akamtegea faili za uongo. Zilimfikisha kwa mdukuzi Markus Hess, aliyekuwa akiiuzia KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, siri za Marekani. Kisha Stoll akaeleza yote hadharani, hatua kwa hatua, na wasimamizi wa mitandao wakajifunza kwake.

Waraka wa 2019 ungali haujaonyeshwa kwa karani yeyote wa Rongai.