Bahari Yetu Iliyopotea

Gazeti la Oktoba 13, 2021 nililisomea dukani hapa Port Reitz, nikingoja chenji. Nilikuwa nimeacha chuo, sina kazi, nasoma magazeti ya wenyewe. Jana yake mahakama ya kimataifa ya The Hague ilikuwa imekata kesi ya mpaka wa baharini, iliyofunguliwa na Somalia mwaka 2014. Mwenye duka, Msomali wa Garissa, Mkenya kunishinda mimi ukihesabu ushuru, alilichukua gazeti mkononi mwangu akalifunika kifudifudi juu ya gunia la mchele.

Mwaka ule magazeti yetu hayakuelewana kwa lolote. BBI pekee ungeisoma kwa kurasa mbili ukadhani ni nchi mbili. Lakini kufika baharini, yote niliyoshika yalivaa jezi moja, na neno lilikuwa "kupoteza". Mogadishu nako, ushindi.

Neno hilo ndilo linaloniudhi. Huwezi kupoteza usichokuwa nacho. Tangu 1979 Kenya ilijitangazia mstari ulionyooka mashariki, sambamba na latitudo, ikasema Somalia ilinyamaza kwa hiyo ilikubali. Mahakama ikasema kunyamaza kule hakukuwa kukubali. Sawa, hapo tulipigwa. Ila Somalia nayo haikupewa mstari wake kama ilivyouomba: majaji waliupinda kuelekea kaskazini, kwa faida yetu, kwa sababu ukitazama pwani nzima, Somalia, Kenya, Tanzania na Pemba yake, sisi tumebanwa katikati. Tena wakakataa dai kwamba Kenya ilivunja sheria kwa shughuli zake kwenye eneo lile.

Pemba! Kisiwa ambacho mtu wa hapa ana shangazi huko ndicho kilichosaidia kuupinda mpaka, na kurasa za mbele nilizoziona hazikukitaja. Mwandishi angepata habari tamu kuliko kilio. Lakini serikali ilikuwa imesusia vikao tangu Machi na uamuzi ikaukataa, na magazeti yakabeba msimamo huo kama mizigo ya Kilindini, bila kufungua kontena.

Siku ya tatu nilimuuliza yule mzee mbona alilifunika gazeti.

"Wateja wasoma kichwa cha habari tu," akasema, akipima sukari. "Kisha waniangalia mimi."