Nani Amshike Nani Mkono

Kazi kubwa ya mchezo wa duara hufanyika kabla wimbo haujaanza. Watoto wametoka darasani kwa vurugu na kila mmoja anatafuta mkono. Wale wa chanda na pete wameshashikana tangu mlangoni. Kundi jingine linamgombania mwalimu, na mwalimu ana mikono miwili tu. Pembeni amebaki mmoja ambaye hakuna aliyemfuata. Labda kamasi zinamtoka, labda jana alimng'ata mwenzake, labda amehamia juzi kutoka bara na Kiswahili chake kinawachekesha. Mwalimu mgeni wa kazi hupaza sauti, "Shikaneni mikono, haraka!" Duara linajifunga na yule mmoja yuko nje. Mwalimu aliyekomaa hasemi neno. Anamfuata yule mtoto, anakwenda naye hadi penye marafiki wawili walioshikana, anawaachanisha taratibu, anamweka katikati yao. Kisha yeye mwenyewe anakwenda kusimama upande wa pili kabisa.

Kwa nini aende mbali? Mimi ningedhani angekaa karibu naye ampe moyo. Lakini mtoto yule akishikwa na mwalimu anabaki kuwa mtoto wa mwalimu, na wenzake hawajamgusa bado. Mwalimu akiondoka, mikono yote miwili ya mtoto imeshikwa na watoto wenzake, na wimbo ukianza kuzunguka hawawezi kumwachia bila kulivunja duara lao wenyewe. Mwalimu niliyemwona akifanya hivyo, katika darasa moja la awali mjini Tanga, nilipomuuliza alicheka tu. "Nikisimama pale watamshika kwa sababu yangu," alisema.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitilia shaka nyimbo zetu za kuhimiza adabu. Tunazo nyingi: za kupendana, za kusaidiana, za kuwaheshimu wakubwa, na huimbwa kwa nguvu zaidi siku anapokuja mgeni rasmi. Sizidharau. Ila nimewaona watoto wakiimba kupendana huku mstari wa nyuma unafinyana. Maneno ya wimbo hupita mdomoni na kwenda zake. Kinachobaki ni namna mchezo ulivyopangwa: nani anamshika nani, nani anamngoja nani, nani anaongoza na nani anaitikia, na aliyekosea anafanywaje. Hapo ndipo ufundi ulipo, na ndiyo maana hauonekani upesi.

Watafiti wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2010 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig, Ujerumani, walieleza jaribio walilofanya na watoto wa miaka minne, wawili wawili. Blanketi lilitandikwa likawa bwawa, na ndani yake mlikuwa na vyura wa kuchezea wa kuamshwa. Jozi nyingine ziliwaamsha kwa kuimba, kupiga ala na kucheza pamoja. Nyingine zilifuata hadithi ile ile bila muziki. Baadaye kila mtoto alipewa bomba la kubebea gololi, na bomba la mmoja wao likaachia chini, gololi zikamwagika. Watoto walioimba na kucheza pamoja waliinama kumsaidia mwenzao zaidi ya wale wasioimba.

Jaribio la pili linanivutia zaidi kwa sababu halina maneno hata kidogo. Laura Cirelli na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walilichapisha mwaka 2014. Watoto walikuwa wa miezi 14. Msaidizi alimbeba mtoto kifuani, uso ukitazama mbele, akawa anakunja na kukunjua magoti kufuata mapigo ya muziki, mtoto akipanda na kushuka. Mbele yao alisimama mtafiti mwingine naye akicheza vivyo hivyo. Kwa baadhi ya watoto alikwenda nao sambamba. Kwa wengine alipishana nao makusudi. Muziki ulipokwisha, mtafiti huyo alidondosha vitu na kujifanya hawezi kuvifikia. Waliokuwa wamepanda na kushuka pamoja naye walimwokotea zaidi. Na hao ni watoto ambao wimbo wa adabu wasingeuelewa hata wangeimbiwa kutwa.

Sasa uutazame mchezo wa Ukuti, unaojulikana na karibu kila aliyekulia pwani na hata mbali na pwani. Watoto wanashikana duara, wanazunguka, na mahali fulani wote wanatikisika kama kuti lililopata upepo. Kutikisika huko ni kufupi na kila mtoto anakungojea. Anayetikisika mapema anajihisi peke yake. Anayechelewa hivyo hivyo. Basi wanajifunza kusikilizana pumzi. Mwalimu wa Tanga alikuwa na kamchezo kake hapo: kila mzunguko alichelewesha kidogo lile neno linaloleta upepo, safari hii kwa kukohoa, safari ile kwa kumtazama mtoto mmoja machoni. Watoto walikuwa wamekaza miili, macho yamewatoka, hakuna aliyethubutu kutangulia. Ukitaka mtoto wa miaka mitano atulie hivyo kwa kumwamuru, utapiga kelele mpaka sauti ikukauke.

Mchezo wa Nyama ni somo jingine. Mwitaji anataja mnyama. Kama analiwa, wote wanaruka na kuitikia. Kama haliwi, wanatulia. Mbuzi, mnaruka. Kuku, mnaruka. Simba! Hapo miguu imeshaondoka ardhini kabla masikio hayajafanya kazi. Watu hufikiri mchezo huu ni wa kuruka, kumbe ni wa kutoruka: mtoto anajifunza kuushika mwili wake wakati mwili umeshaamua. Ni uwezo ule ule atakaouhitaji kungoja zamu yake ya kujibu darasani, au kuuzuia mkono usimpige aliyemkanyaga. (Kuhusu nguruwe, nilitaka kujua mwalimu wa Tanga anafanyaje katika darasa lenye Waislamu na Wakristo. Humtaja bila wasiwasi. Kila mtoto anafuata kwao, na kanuni ni moja: asichekwe aliyeruka wala aliyesimama.)

Mtaani, anayekosea katika Nyama anatolewa, na pengine anazomewa kidogo. Kanuni hiyo ina kasoro ambayo nashangaa ilitupita wengi: anayetolewa wa kwanza ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wote. Anakaa kivulini anachorachora mchanga, wakati wajanja wanazidi kuwa wajanja. Katika darasa lile la Tanga kanuni ilikuwa imegeuzwa. Aliyekosea anaingia kati na kuwa mwitaji. Bila shaka haikuchukua muda watoto wakaanza kukosea kwa makusudi ili wapate cheo hicho. Mwalimu hakuwagombeza. Aliongeza sharti: mwitaji haingii peke yake, achague wa kuingia naye, na asiwe yule aliyeingia naye mara iliyopita. Kwa sharti hilo moja, mtoto mwenye rafiki mmoja tu alilazimika kumtafuta wa pili. Hakuna hotuba ya upendo iliyotolewa.

Ukikaa na walimu wa namna hii utagundua wanajali sana mambo ambayo sisi tunayaona madogo. Mojawapo ni mahali pa kuanzishia wimbo. Sauti ya mtoto mdogo iko juu, na upana wake ni mdogo. Mtu mzima akianzisha pale panapomstarehesha yeye, hasa akiwa mwanamume, watoto wanabaki na njia mbili: kunguruma au kupiga makelele. Tunapowasikia wakipiga makelele tunasema hawajui kuimba, kumbe wameanzishiwa chini mno. Mwalimu mzuri hujipandisha mpaka mahali ambapo kwake mwenyewe si pa raha sana, na kwa watoto ndipo sauti zinapokutana. Na sauti zikikutana, hata yule ambaye huwa haimbi huanza kuchezesha midomo.

Mwendo nao. Watoto wanaporudi kutoka mapumziko wamechemka, jasho linawatiririka, na mwalimu asiye na uzoefu huwaanzishia wimbo wa polepole akitumaini watatulia. Wanamwacha anaimba peke yake. Aliyezoea huanza na kasi yao, makofi ya haraka, karibu awazidi. Wakishaungana naye wote, ndipo anaanza kupunguza, ubeti mmoja baada ya mwingine, kidogo kiasi kwamba hakuna anayeona. Makofi yanakuwa ya mapajani, kisha ya vidole viwili, kisha wimbo unabaki kuguna tu na watoto wamekaa. Nilijaribu kutazama ni wapi hasa mwalimu wa Tanga alipowakalisha. Sikupaona.

Na kusoma je? Mzazi ana haki ya kuuliza, maana anataka mwanawe ajue KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na akipita uwanjani anaona watoto wanarukaruka. Jibu ninalolipenda liko kwenye makofi. Kiswahili hukatika kwa silabi zilizo wazi, kwa hiyo mtoto anaweza kulipiga makofi neno zima kabla hajaijua herufi hata moja. Ma-ji, mawili. Ki-be-re-ge, manne. Mambo yananoga unapofika kwenye m. "Mbuzi" ni makofi mawili. "Mbwa" je? Darasa linagawanyika. Wengine wanapiga moja, wengine mawili, ugomvi unawaka. Mwalimu wa Tanga hakusema nani amepata. Aliwasimamisha wayatembee maneno, hatua moja kwa kila silabi, na wayatamke kama wanavyoyatamka nyumbani wanapomwita mnyama. M ya "mbwa" ikachukua hatua yake peke yake. M ya "mbuzi" ikabebwa na jirani yake. Watoto wale hawajui silabi ni nini, lakini nyayo zao zimeshaona tofauti ambayo mimi nilielezwa na mwalimu wa sarufi nikiwa na ndevu. Siku watakapokutana na maneno hayo ubaoni, kazi itakayobaki ni kuyatambua kwa macho.

Ulaya wanamtaja Émile Jaques-Dalcroze kuwa mmoja wa waasisi wa ufundishaji wa namna hii. Alianza kufundisha hamonia katika konsevatori ya Geneva mwaka 1892, akaona wanafunzi wake wanacheza noti sahihi bila kuyasikia mapigo mwilini. Akawaondoa vitini, akawatembeza. Namheshimu, na vyuo vinavyomfuata vimefanya mengi. Ila mtoto aliyebebwa mgongoni na mama anayecheza ngoma ameshayapata mapigo kabla ya kuota meno, na inanikera kidogo kuona baadhi ya shule zetu za kulipia zikitangaza somo la muziki na mwendo kama kitu kilichoshuka na ndege, huku ngoma ya mtaa huo huo imezuiwa getini.

Mombasa kuna mfano ulio karibu nasi. Katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alianza kazi, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ya kuanzisha shule za awali zilizoshikamana na madrasa. Wazazi Waislamu wa pwani walitaka watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa tayari, bila kupoteza dini na mila zao. Baadaye mpango huo ulifika Zanzibar na Uganda. Walimu walichukuliwa kutoka jamii hizo hizo, wengi wao wanawake, wakafunzwa kutumia nyimbo, hadithi na vifaa vilivyopatikana jirani badala ya vya kununua. Ninaloliona la busara hapo ni kwamba mafunzo hayakuanza na kitu ambacho wanawake wale hawakuwa nacho. Mwanamke wa pwani aliyelea wadogo zake anajua kuanzisha wimbo. Anachohitaji kuongezewa ni jicho: amwone asiyeitikia, ajue ni kwa nini, na kesho apange duara kwa ajili yake.

Madarasa yetu, lakini, yana watu. Kiwango kinachotakiwa Tanzania katika darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na shule nyingi za umma zimekipita mbali. Duara la watoto themanini si duara tena. Wa upande ule hamsikii wa upande huu, na wimbo unakatika vipande. Nilichokiona Tanga ni maduara mawili, moja ndani ya jingine. La ndani limekaa, linapiga makofi na vifuniko vya soda vilivyotungwa kwenye waya. La nje linazunguka na kucheza. Kisha wanabadilishana. Kwa namna hiyo nusu ya watoto wanawapigia wenzao, na wanaocheza wanajua kwamba wapigaji wakizembea mchezo umekufa. Mtoto mmoja asiyesikia vizuri aliwekwa ndani, kando ya ngoma, kiganja juu ya ubao wake. Zamu yake ya kucheza ilipofika alitoka nje akiwa na mapigo sahihi kuliko wengi.

Mchana, watoto walipoondoka, niliomba kuona andalio la somo la mwalimu yule, maana kila mwalimu lazima awe nalo na mkaguzi akija ndilo atakaloliomba. Lilikuwa nadhifu, kalamu ya bluu, safu zimepigwa kwa rula: hatua, muda, vitendo vya ufundishaji, vitendo vya ujifunzaji, tathmini. Kwenye hatua ya utangulizi alikuwa ameandika dakika tano. Safu ya mwalimu: "Kuongoza wimbo." Safu ya watoto: "Kuimba wimbo." Nikamuuliza kwa nini hakuandika habari za yule mtoto na marafiki wawili, wala sharti la kuchagua mwenza, wala m ya mbwa.

"Niandike safu gani?" akaniuliza.

Nikaitazama tena karatasi. Kwenye tathmini alikuwa ameshajaza tangu asubuhi: "Watoto wameweza kuimba."