Penye miti hapana waandishi

Kuna methali tuliyokaririshwa shule ya msingi ambayo mpaka leo inanikera: penye miti hapana wajenzi. Mwalimu alitueleza kwamba wenye mali nyingi hawajui kuitumia. Hakuna aliyeuliza hiyo miti ilifikaje hapo. Kwenye methali mti upo tu, kama mto au mlima. Anayekosekana ni fundi.

Fasihi yetu nayo ni hivyo hivyo. Mti ni kivuli cha wazee, ni dawa, ni makao ya pepo, ni mfano wa mzazi au wa dunia nzima. Said Ahmed Mohamed aliuweka kwenye jina kabisa la riwaya yake, Dunia Mti Mkavu (1980), kwa kuazima methali nyingine. Ni riwaya ninayoipenda. Lakini mti wake nao ni fumbo, hakuna anayeupogoa.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Miaka michache iliyopita gazeti nililokuwa naliandikia lilinituma Ifakara kuandika habari ya mitiki. Kamusi inasema msaji, ila sijamsikia mtu Kilombero akisema msaji. Nikaandika kwamba kampuni ya mitiki ya bonde lile ilianzishwa 1992 kwa mtaji wa shirika la maendeleo la Uingereza, kwamba wanakijiji nao wanapanda mashambani mwao, kwamba hiyo ni fursa. Neno fursa nililitumia mara nne. Ilipotoka nikampelekea mjomba wangu anayeishi ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Kazi yake ni hiyo hiyo: wenye ekari mbili tatu za mitiki humwita awatunzie. Akasoma taratibu, akalikunja gazeti. "Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "humu umeandika miti imekua. Imekua yenyewe?"

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikamfuata shambani.

Mtiki mchanga hauvumilii nyasi. Kwa hiyo miaka ya mwanzo kazi ni kufyeka, na ukifika mwisho wa shamba, mwanzo umeshaota tena. Ukikua, kazi inahamia juu: tawi linakatwa kwa msumeno uliofungwa kwenye mpini mrefu, karibu na shina lakini bila kulijeruhi gome. Ukiacha kigutu, mti utakifunika, na miaka ishirini baadaye seremala atakuta fundo lililokufa katikati ya ubao. Kiangazi majani yale makubwa yanaanguka na kukauka kama makaratasi, basi kazi ni kusafisha njia za kuzuia moto.

Siku ile ilikuwa ya kupunguzia. Mjomba aliinua kichwa akatazama vilele, upi unamnyima mwenzake mwanga, kisha akachanja kwa panga miti ya kuangushwa. Mwenye shamba, mama mmoja mjane, alimfuata nyuma akibisha. "Kaka, huu nao? Mzuri hivi?" Ulikuwa mzuri kweli. Tatizo ni kwamba jirani yake alikuwa mzuri zaidi. Mama alikuwa ameupalilia miaka tisa, na kwake kila mti ni ada ya mwanawe. Walibishana karibu nusu saa. Mti ukaachwa. Mjomba hakufurahi.

Nilirudi nikiwa na Kuli kichwani. Adam Shafi aliichapisha 1979, na hadi leo ndiyo ninayoitolea mfano mtu akidai kazi ya mikono haiwezi kubeba riwaya. Rashidi anabeba mizigo bandarini Unguja, na uzito wa mzigo unageuka siasa, mpaka mgomo wa 1948. Lakini tazama inavyokwenda: meli inakuja, mzigo unashuka, watu wanachoka, wanagoma. Inakwenda kwa matukio. Nadhani ndiyo maana mtunza miti hajapata Kuli yake. Hana meli. Hata mpunga, sifa kubwa ya Ifakara, una mavuno yake kila mwaka. Aliyepogoa mtiki huenda atazikwa kabla ubao haujapasuliwa.

Mtu atasema, basi hapo hakuna hadithi. Nakataa. Ile nusu saa, kati ya mtu anayejua mwanga na mtu anayejua ada, ni riwaya tayari. Hakuna mbaya kati yao, na aliye sahihi hatajulikana mpaka mtoto awe mtu mzima.

Wangari Maathai alilikaribia jambo hili katika Unbowed (2006), aliposimulia wanawake wa Kenya walivyojifunza wenyewe kuotesha miche, hata kwa vyungu vilivyovunjika. Kwangu kurasa zile zinashinda zile za tuzo, kwa sababu zina mikono. Lakini ni kumbukumbu, tena kwa Kiingereza, na ni za kupanda. Kupanda kunapigwa picha. Siku yetu ya taifa ya kupanda miti, viongozi wanakuja na koleo. Siku ya kupogoa haji mtu.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi wa riwaya: nendeni mkashinde kutwa mkitazama juu mpaka shingo ziume, ndipo muandike. Habari yangu siwezi kuirekebisha. Gazeti lenyewe limeshafungia maandazi. Mti uliobishaniwa bado umesimama. Kila nikivuka daraja la Kilombero nampigia mjomba, shikamoo, mti wetu je? Hunijibu kwamba wenyewe haujambo, ila jirani yake ameanza kunyong'onyea.