Farasi wa Buluu na Karatasi za Watoto

Mtoto akipaka farasi rangi ya buluu, wakubwa humcheka au humkaripia: "Farasi wa namna hiyo umemwona wapi?" Kiko kitabu kidogo kinachomjibia mtoto. Jina lake ni The Artist Who Painted a Blue Horse, maana yake mchoraji aliyepaka farasi wa buluu. Mtungaji wake, Eric Carle wa Marekani, alikitoa mwaka 2011. Akafariki mwaka 2021, mwenye umri wa miaka 91.

Ndani yake tunakuta farasi wa buluu, mamba mwekundu, ng'ombe wa manjano, simba wa kijani, na punda mwenye madoadoa. Wanyama hao wamekatwa katika karatasi. Carle alikuwa na desturi ya kuchukua karatasi nyembamba na kuipaka rangi kwa burashi, kwa vidole, kwa sifongo, hata kwa kipande cha zulia, ili ipate mistari na mikwaruzo. Ikisha kukauka, aliikata na kuibandika. Kwa hiyo katika ngozi ya kila mnyama twaona njia mkono ulikopita.

Tunakisifu kitabu hiki, walakini kina kasoro. Maneno yake ni machache mno, na habari iliyo kubwa kuliko zote imewekwa mwishoni, mahali ambapo mtoto mdogo hafiki peke yake. Habari yenyewe ni hii. Carle alizaliwa Marekani mwaka 1929, na mwaka 1935 wazazi wake Wajerumani wakarudi naye Stuttgart. Utawala wa Hitler ulikuwa umekataza picha za wachoraji wa namna mpya. Lakini mwalimu wake wa kuchora, Fridolin Krauss, alimwita nyumbani kwake akamwonyesha kwa siri picha zilizokatazwa. Mle alimwona farasi wa buluu wa Franz Marc, mchoraji Mjerumani aliyeuawa vitani mwaka 1916. Mwalimu yule alijitia hatarini ili mtoto mmoja ajue kwamba anaruhusiwa kuona kwa macho yake mwenyewe.

Basi, walimu wapenzi, tujiulize tunaitumiaje kazi hii. Mara nyingi tunaona mwalimu akikata kiwavi cha Carle, kile cha kitabu cha mwaka 1969, akawagawia watoto vipande wabandike. Jioni ukutani vinaning'inia viwavi thelathini, vyote sawasawa. Wageni wanasifu usafi wa kazi. Lakini mtoto amejifunza nini, ila kuufuata mkasi wa mwalimu?

Afadhali kazi ichukue siku mbili. Siku ya kwanza watoto watengeneze karatasi tu: wapake rangi kwa vidole, waburute kitana juu yake ikiwa mbichi, wagandamize gunia, jani au kipande cha mkeka. Siku ya pili wachague, wakate. Walio wadogo mno kushika mkasi wachane kwa mkono. Uji mzito wa unga wa muhogo watosha kuwa gundi. Mwalimu asiweke mfano mbele yao. Aulize tu: "Karatasi hii yakufanya ufikiri mnyama gani?"

Tusiseme kwamba jambo hili ni la Ulaya au Marekani tu. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, wala hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya waziige. Bela akapaka kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga kwa mistari mifupi mifupi. Ukiona kazi zao, huwezi kumdhani mmoja kuwa mwenziwe.

Mwenyezi Mungu hakutupa nyuso za namna moja. Mwalimu anayetaka picha thelathini zilizo sawa anaona kazi yake imekuwa rahisi; lakini kati ya watoto wale thelathini hamjui hata mmoja.